Sauti ya Mshindi

Nani ana mamlaka ya kumchagua mtu? Swali hili liliniingia kifuani siku baba yangu alipochaguliwa, na hadi leo halijatoka. Mtu anaamka akiwa yeye yule wa jana, ananawa uso, anamimina chai ya rangi, na kabla kikombe hakijapoa, mahali asipopajua, mtu asiyemjua ameshamteua miongoni mwa maelfu. Kwa sababu gani? Kwa wema wake? Kwa dhiki zake? Na kama hakuna sababu, je, aliyechaguliwa ni yeye mwenyewe, au ni jina lake tu, lililookotwa njiani kama kifungo cha shati kilichodondoka?

Mji wetu una ukungu. Sijui ulishuka lini. Wapo wanaosema ulishuka wakiwa watoto, na wapo waliozaliwa ndani yake, hao hawaelewi sisi tunalalamikia nini. Ni ukungu mzito, wa kijivu, unaoingia mpaka ndani ya makabati na kulowesha nguo zilizokunjwa. Njiani, ukinyoosha mkono, vidole vyako mwenyewe huvioni; ndani ya kuta zetu tu ndimo mtu huonekana. Kwa hiyo sisi hatujuani kwa sura. Tunajuana kwa sauti. Mtu akipishana na mwenzake hutamka jina lake kwanza, ndipo salamu ifuate. Asiyesema kitu ni kama hayupo. Niliwahi kusimama kisimani bega kwa bega na mama yangu mdogo, naye ana mafua, sauti imemkauka, nikaondoka pale nikijua nilikuwa peke yangu.

Katika mji wa namna hiyo baba yangu, Maulidi Shekuwe, alikuwa mtu mkubwa kuliko meya. Alikuwa mtangazaji wa redio. Jua hatulioni, kwa hiyo yeye ndiye aliyetuambia leo ni siku gani. Akisema ni Alhamisi, wanaume walianza kupiga pasi kanzu za Ijumaa. Akisoma tangazo la kifo, hapo ndipo marehemu alipokufa kweli. Kabla ya hapo ndugu walikuwa bado wanamsubiri labda atakohoa. Kisha mtambo wa redio ukaharibika, wakubwa wakasema watautengeneza, hawakuutengeneza. Siku zikaanza kutuponyoka. Nyumba moja ilikuwa Jumamosi na jirani yake bado ni Jumatano. Kuna harusi iliyofanywa na bwana harusi hakutokea. Kwake yeye ilikuwa bado wiki ijayo. Na baba akakaa kwenye kiti chake uani, mikono mapajani, akinyamaza. Watu waliacha kumtaja. Nilimwona akipungua, si mwili, bali kile kingine ambacho mwili hukibeba.

Halafu zikaja simu, kila moja na tarehe yake, na makundi ya gumzo ndani ya simu, na mji ukapata mahali pengine pa kujuana. Mimi nina kibanda cha kuchaji simu karibu na soko. Baba naye akawa na simu. Aliiweka juu ya goti, akiitazama kwa saa nyingi, kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahidi kuja bila kusema lini.

Mgeni akaja. Ilikuwa asubuhi. Baba alifika kibandani ameishika simu kwa mikono miwili, kama sahani iliyojaa mchuzi.

"Mwanaheri."

"Naam, baba."

"Wameniita."

Nikaisoma. HONGERA NDUGU MAULIDI SHEKUWE! Namba yako imechaguliwa kuwa mshindi wa Zawadi Kuu ya Bahati ya Walimwengu. Umejishindia shilingi milioni tisini. Piga namba hii upewe maelekezo. Muda unaisha leo. Kwa usalama wako usimwambie mtu yeyote. Juu ya maneno palikuwa na picha ya mhuri, umefifia kama mhuri ulionakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala.

"Baba, tiketi ulinunua lini?"

"Tiketi gani?"

"Ya hii bahati nasibu. Mtu anashindaje mchezo ambao hakucheza?"

"Labda wanachagua namba zenyewe. Wana mitambo yao."

"Na jina lako wamelitoa wapi?"

Akacheka kidogo. Nilikuwa sijasikia kicheko chake siku nyingi. "Jina langu? Mji huu nani halijui jina langu?"

Nilimwonyesha. Nikamwambia tazama, hii namba ni ya mtu binafsi, kama yangu, kama yako. Shirika la mamilioni litakosaje namba yake? Tazama hii haraka. Zawadi ya kweli inakimbizwa na nani? Tazama hapa wanapokuambia ukae kimya. Anayekupa cha halali hakuagizi ujifiche kwa mwanao.

"Umemaliza?"

"Bado. Watakuomba hela."

"Hawajaomba."

"Wataomba, baba. Siku anayekupa zawadi atakapokudai wewe kwanza, ujue zawadi ni wewe."

Aliichukua simu mkononi mwangu polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu aliyekasirika bado anakusikiliza. Baba alikuwa amekwishaondoka. Ukungu ulimmeza hatua chache tu kutoka mlangoni, nikabaki nasikia viatu vyake.

Nimefikiri sana juu ya kile alichokwenda kukitafuta. Hela? Baba hakuwa mtu wa hela. Alitaka kuitengeneza redio. Alitaka mji urudi kwenye siku moja, watu wote waamke Jumanne kwa pamoja. Na chini ya hilo, labda, alitaka jambo dogo zaidi, ambalo hata mtoto analitaka. Kuitwa. Jina lake lote. Kwa herufi kubwa.

Alipiga. Nilikuwapo, uani, nimefuata chakula cha mchana. Sauti ya mwanamke ikapokea, laini, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo mzee wangu. Naitwa Leonia, afisa wa zawadi. Naongea na nani?"

"Maulidi Shekuwe."

Kisha: "Shekuwe wa redio? Jamani! Ni wewe kweli? Mimi nimekua nikikusikiliza. Mama alikuwa anatuambia tunyamaze, Shekuwe anasema."

Baba alisimama. Alisimama wima kabisa, kama watu wanavyosimama wimbo wa taifa unapopigwa. Mimi nilijua hapohapo kwamba mauzo yamekwisha. Mengine yote yaliyofuata yalikuwa kufunga mzigo tu.

Kwanza walitaka ada ya kufungua faili. Akatuma. Kisha kodi ya zawadi, maana serikali haiwezi kuachwa hivihivi. Akatuma. Kisha bima ya kusafirisha hundi. Akauza kinasa sauti chake, kile cha chuma alichopewa redio iliponyamaza, akatuma. Kila mara Leonia alisema hii ni ya mwisho, na kila mara aliongea naye kwanza habari za vipindi vya zamani, akacheka mahali pa kuchekea. Nilimwambia baba aache. Nilimfichia simu, akaitafuta akaipata. Nilimwambia awaombe wakate ada zao kwenye hayo mamilioni, kama yapo. Akamwuliza. Leonia akajibu kwa huzuni, kama mtu aliyevunjwa moyo, kwamba sheria hairuhusu, na akauliza, je, mzee ana mtu nyumbani anayemwonea wivu?

Jioni ile baba hakula nilichopika.

Siku nyingine, sijui ya ngapi, Leonia alimwambia zitaingia tarakimu za siri kwenye simu yake, amsomee ili hela zipate njia ya kuingia. Baba akazisoma. Alizisoma kwa sauti yake ya taarifa ya habari, moja moja, akipumzika panapostahili. Njia ilifunguliwa kweli, ila ilikuwa ya kutokea. Kiinua mgongo chake chote kilipita hapo.

Mtu angedhani wangemwacha. Alikuwa ameisha. Lakini kuna watu ambao wakimaliza nyama wanajua bado kuna mfupa. Leonia alipiga tena, na baba, ambaye alikuwa ameanza kushuku na hakuwa amelisema neno hilo hata moyoni, alipokea.

"Mzee wangu, bodi imekubali. Kimebaki kitu kimoja, wala si hela."

"Nini?"

"Sauti yako. Ujirekodi ukishukuru. Useme umeshapokea."

"Lakini sijapokea."

"Ndio utaratibu. Ukisema, ndipo wanaachia."

Baba alinieleza baadaye jinsi alivyofikiri wakati ule. Alisema: mimi maisha yangu yote nimesema vitu kabla havijawa, na vikawa. Nimesema leo ni Jumapili, ikawa Jumapili. Kwa nini hili lisiwe? Basi akaiweka simu mdomoni, akasafisha koo, akasema: "Mimi Maulidi Shekuwe, sauti mnayoijua. Nimeshinda, na nimepokea zawadi yangu yote. Ni kweli kabisa. Nawashukuru Bahati ya Walimwengu. Nawe usichelewe."

Lile neno la mwisho aliambiwa aliongeze.

Kibandani kwangu simu hupangwa kwenye rafu, mstari juu ya mstari, kila moja na waya wake. Baba alikuwa ameniletea uji. Tulikuwa tumesimama pale, mimi nakunywa, yeye ananisubiri nimalize kikombe, mteja mmoja akaja kuchukua simu yake, akaiwasha, akabonyeza ujumbe ulioingia kwenye kundi la mtaa.

Mimi Maulidi Shekuwe, sauti mnayoijua.

Mteja akasema, "Heeh! Mzee kapata!" Akaurudia. Nje kidogo, ndani ya ukungu, simu nyingine ikaanza, kutoka kwa muuza mkaa. Kisha nyingine upande wa mashine ya kusaga. Sauti haikuwa na mtu, ilikuwa kila mahali, imara, changa kidogo kuliko ya sasa, sauti ile ile iliyotuamsha utotoni. Nimepokea. Nimepokea. Ni kweli kabisa. Niliona, au nilidhani naona, watu wakisimama njiani kama zamani saa ya taarifa.

Baba alinishika mkono.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Mimi nipo hapa."

Je, mtu yuko pale mwili wake ulipo, au pale anapoaminiwa? Kama ni pale anapoaminiwa, basi baba hakuwa pale kibandani ameshika kikombe kitupu. Alikuwa mjini, anatembea, anabisha hodi kwa kila mwenye simu, anawaambia watu usichelewe.

Tulitoka kwenda kuwaambia. Mlango kwa mlango, mimi na yeye. Nilidhani itakuwa rahisi; sauti iliyosema uongo ndiyo hiyo hiyo ingeukanusha. Katika nyumba ya kwanza mwanaume alifungua nusu.

"Nani?"

"Shekuwe."

"Shekuwe gani?"

"Shekuwe wa redio. Bwana, ule ujumbe ni wa matapeli. Sikushinda kitu. Wamenimaliza. Usitume hata senti, wala usiwape namba zozote za siri."

Mtu yule akacheka kwa dharau. "Shekuwe ninayemjua mimi hatetemeki. Nimemsikia sasa hivi, yuko vizuri." Akafunga.

Wengine walimtambua, na hao walikuwa wabaya zaidi. "Umeshapata, sasa unatuzibia," mama mmoja akasema kupitia dirishani. "Hamtosheki nyie. Kaa na chako, utuache na sisi tujaribu." Baba alieleza. Alieleza tena. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyozidi kumchakaa, na kadiri ilivyochakaa ndivyo alivyozidi kutofanana na yule wa kwenye simu. Tulipofika mtaa wa mwisho alikuwa ananong'ona. Watu wanafungua, hawasikii kitu, wanatazama kijivu, wanafunga.

Wapo waliotuamini. Sitaki kusema hawakuwapo. Fundi wa baiskeli aliita wanawe wote wakafuta ujumbe mbele yetu. Lakini hao walikuwa wale ambao hawakuwa wametuma bado, na pengine hawakuwa na cha kutuma.

Kwenye kituo cha polisi tulipokewa vizuri. Askari aliandika, akaipigia kampuni ya simu, akasubiri, akarudi. Namba ile, alisema, ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu. Akalitaja: Leonia Kapufi. Kumbe hakutumia hata jina la uongo. Baba alikaa chini kwenye benchi.

"Huyo amekufa," akasema.

"Unamfahamu, mzee?"

"Nilimtangaza mimi. Alikuwa akishona sare za shule. Mazishi yalikuwa baada ya adhuhuri."

Askari akatazama karatasi yake, akasema ndiyo, hata hapa inaonekana ni marehemu. Matapeli husajili laini kwa majina ya watu namna hii, na laini imeshazimwa. Kwa hiyo aliyekuwa anamcheka baba mahali pa kuchekea hakuwa na jina, na jina alilolivaa halikuwa na mtu. Nilitaka kumchukia mtu fulani, nikakosa pa kuishikizia chuki yangu.

Tulipokuwa tunarudi baba alisimama ghafla mbele ya nyumba ya jirani yetu, Bi Asumini. Ukuta wake na wetu ni mmoja. Ni mjane, anatengeneza sabuni za vipande, na macho yake yote mawili yameota mtoto wa jicho. Alikuwa akiweka akiba ya operesheni. Madaktari wa macho walitangaza watapita mjini. Watu walimtania, katika mji huu macho ya nini? Naye aliwajibu kwamba anataka auone huo ukungu vizuri, ajue ni nini hasa kinachomnyima.

"Hodi, Bi Asumini. Ni Maulidi."

"Najua ni wewe. Ingia." Harufu ya magadi na mafuta ya mawese. Alikuwa anakata sabuni kwa waya, kwa kupapasa. "Nilikuwa nakusubiri. Wameniambia hundi inakuja, na wewe umesema nisichelewe."

Baba hakukaa. "Umetuma?"

"Nimetuma."

"Zote?"

"Walisema ni ada, kisha kodi. Kwani wewe hukutoa kodi?" Mkono wake ulisimama kwenye waya. "Maulidi. Mimi kusoma siwezi, hayo maandishi yao siyaoni. Lakini sauti yako naijua. Nikasema, hii hawawezi kuigushi."

"Hawakuigushi," baba akasema. "Niliisema mimi."

Akamweleza yote. Hakujitetea. Nilisubiri Bi Asumini alie au atukane. Akaendelea kukata sabuni, vipande vikatoka vya kupinda, akavipanga hivyo hivyo. Mwishoni akasema, "Toka nyumbani kwangu," kwa utaratibu kabisa, na tukatoka.

Madaktari walipita. Yeye hakwenda. Baba akatoa kitanda chake, akauza, akampelekea hela. Bi Asumini akakataa kuipokea kwa mkono wake, nikamwachia mimi chini ya karai, na haikufika hata nusu ya alichopoteza. Nikarekodi maneno ya baba, ya kweli safari hii, tukayatuma kwenye makundi yote: kwamba usiyecheza hujashinda, kwamba zawadi haidai ada, kwamba tarakimu za siri ni zako peke yako hata kwa anayekuita kwa jina. Baadhi walishukuru. Baadhi walijibu kwa picha za kucheka. Ule ujumbe wa kwanza bado unazunguka. Juzi umefika kwa mtu wa mji wa ng'ambo ya mlima, akanipigia kuuliza Shekuwe alipewaje hela zake.

Baba alianza kwenda kwa Bi Asumini bila kualikwa. Alibeba maji, akaondoa majivu, hawakuongea. Bi Asumini alimruhusu kwa kutomfukuza. Siku moja niliwakuta wamesimama, simu ipo kati yao.

"Imelia," Bi Asumini alikuwa anasema. "Nisomee."

Baba akaitazama. Mimi nikaitazama begani kwake. Ofisi ya kurejesha fedha za waliotapeliwa ilikuwa imempata Bi Asumini. Fedha zake zote zimepatikana. Alipe ada ndogo ya marejesho, leo, na asimwambie mtu.

"Ni wao," baba akasema.

"Nimekuambia usome, sikukuuliza ni nani."

"Siwezi kuyasema haya kwa mdomo wangu."

"Wanasema zimepatikana, eh? Nimesikia kwa binti yako anavyopumua." Alinyoosha mkono. "Nina hela ya sabuni za mwezi huu. Nipe simu."

"Hapana."

"Maulidi, wewe ndiye wa kunikataza mimi? Wewe?"

"Ndiyo," baba akasema. Sauti ilikuwa imekwaruza, mbovu, haikuwa na lolote la redio. "Mimi. Mwingine hayupo."

Bi Asumini alisimama pale na mkono wake umenyooka hewani. Niliuona ukichoka, kisha ukishuka taratibu mpaka ukafika kwenye khanga yake, ukaishika.

"Futa," akasema.

Baba akafuta. Akamwekea simu mezani, mahali atakapoifikia, akachukua ndoo tupu akaelekea mlangoni.

"Kesho usije," Bi Asumini akamwambia kwa nyuma. "Nataka kukaa peke yangu nilie. Njoo keshokutwa."